Kunguru Wananililia Nikiwa Hai

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekufa. Kwa ambao hawakuwepo, nieleze upesi jinsi mwanamume wa miaka arobaini na sita, fundi wa matairi hapa Rapid City, mwenye mke na afya yake, alivyojiua kwa kuandika sentensi tatu.

Mimi ni Delwyn Haskett. Jumamosi mchana, wenzangu wa Dakota wakienda kuvua samaki, mimi hushuka chumba cha chini ya nyumba, nikavaa miwani ya kompyuta na kurusha ndege ya kivita. Ndege yenyewe haipo, lakini kila kitufe kimewekwa kama kilivyo kwenye ile ya kweli, na kuwasha injini tu kulinichukua mwezi mzima kujifunza. Kikosi chetu kinaitwa Kunguru. Tuko kumi na mmoja, tumetawanyika nchi nzima, na hatujawahi kuonana ana kwa ana. Kule angani naitwa Matope, kwa sababu siku yangu ya kwanza nilitua kabla ya kufika uwanjani.

Kiongozi wetu ni mzee Orrin Tveit wa Duluth, mgane wa miaka sabini na mmoja, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini. Jina lake la angani ni Dereva.

Vita vyetu vya majira ya baridi vilidumu wiki nane, na sheria ni moja tu. Ukiangushwa umekufa, unakaa benchi hadi vita viishe. Dereva alizimaliza wiki zote nane akiwa hai, zikabaki maili kumi na mbili atue. Mimi nilikuwa nimeshaangusha ndege nne za adui, roho ikiniwasha nipate ya tano. Nikaona alama kwenye rada. Kabla ya kupiga unatakiwa ubonyeze kitufe kinachoiuliza ile ndege kama ni ya kwenu. Inachukua sekunde mbili. Sikuuliza.

Nikamwangusha Dereva.

Wote walidhani ni kombora la adui. Lakini mashine hurekodi kila kitu, na Jumamosi inayofuata mkanda hufunguliwa mbele ya kikosi. Aliyemuua mwenzake husimama, mkanda unasimamishwa sekunde kwa sekunde, naye anausimulia ujinga wake kwa mdomo wake. Na ni nani aliyeandika mwongozo wa kikosi unaosema uliza kwanza? Ni mimi. Ni nani mwaka jana alimrudisha Yolanda, muuguzi wa Tucson, asimulie kosa kama hilo mara tatu hadi akalia? Mimi tena. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Basi Alhamisi jioni niliingia kwenye ubao wa kikosi, nikaandika kwamba hapa ni Wendell, kaka yake Delwyn, na kwamba Delwyn ameanguka karakana, moyo umesimama. Kaka anayeitwa Wendell sina. Ndipo tulipoachana.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Kwa muda wa saa nzima sikuona kitu. Kisha ubao ukafurika pole. Mmoja aliandika kwamba amesimamisha lori lake kando ya barabara kwa sababu machozi yanamzuia kuona. Mwingine, ambaye nilikuwa namtania kila wiki kwa kutua kama gunia la viazi, aliandika kwamba hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kwa subira kama mimi. Nilishangaa, maana sikumbuki kuwa na subira naye hata siku moja.

Mwisho akaandika Dereva mwenyewe. Alisema kikao cha mkanda kimefutwa, na mkanda wa vita vya mwisho vya Matope hautaonyeshwa kikaoni. Uwekwe kama kumbukumbu yake.

Nitasema ukweli, maana nimeapa kuusema humu. Nilifurahi. Nilipanda juu nikala sahani mbili za nyama ya kusaga na viazi, hadi mke wangu Marnie akaniuliza kama leo nimepandishwa cheo. Nikamwambia ni njaa tu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini usiku ule niliiona ndefu na imenyooka, nikalala vizuri.

Ijumaa asubuhi Yolanda akamwandikia Wendell. Alitaka kujua mazishi ni lini na maua yatumwe wapi. Wendell akajibu kwamba ni mazishi ya familia peke yake, maua hayahitajiki. Yolanda akashukuru, akasema basi Kunguru watamuaga ndugu yao kivyao, Jumamosi saa nane mchana, kwa heshima ya marubani.

Heshima yenyewe ni hivi. Ndege nne zinapita juu ya uwanja zikiwa zimekaribiana, bawa kwa bawa. Zikifika katikati, ya tatu inajivuta juu peke yake, inapanda hadi inapotea. Nyingine tatu zinaendelea mbele bila kuliziba lile pengo.

Ningekaa nyumbani nikafua soksi, yangeishia pale. Lakini nani kati yenu angeweza kujizuia asisikie anavyoliliwa? Nikajitengenezea jina jipya, Rollo, nikaomba kuhudhuria kama mgeni kutoka kikosi kingine. Niliandika kwamba kipaza sauti changu kimeharibika, kwa hiyo nitasikia lakini sitaweza kusema. Sauti yangu wangeitambua kwa neno moja.

Wakanikubali. Saa nane kasoro nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu chumbani chini, ndege yangu ya uongo imeegeshwa mwisho wa mstari, na nawasikiliza watu wazima wakipenga kamasi redioni.

Hapo mambo yakaanza kuniponyoka.

Dereva alisema tuanze, akauliza nani atakaa nafasi ya tatu. Akauliza tena. Mmoja akasema mkono utamtetemeka, atamgonga jirani yake. Mwingine akasema hawezi kukaa kwenye kiti cha marehemu, mama yake alimkataza mambo hayo. Yolanda alisema yeye atakuwa wa pili, asiulizwe zaidi ya hapo.

“Basi apande mgeni,” akasema Dereva. “Hakumjua Matope, kwa hiyo hatalia. Rollo, kijana wangu, unajua kuruka kwa kukaribiana?”

Nilichapa: Kidogo.

“Kidogo inatosha. Shika nafasi ya tatu.”

Mngefanya nini? Kukataa ni kuwakosesha heshima yao. Kukubali ni kwenda kujizika mwenyewe kwa mikono yangu miwili. Nikawasha injini.

Tulipaa. Tukajipanga juu ya milima ile ya theluji tuliyoipigania wiki nane. Bawa la Dereva lilikuwa karibu nami kiasi cha kuona mikwaruzo iliyochorwa kwenye rangi. Aliruka vibaya siku ile, akipanda na kushuka, yeye ambaye huruka kama amebeba mayai. Nami ilinibidi nimfuate kila anapoyumba, jasho likinichirizika ndani ya miwani.

Halafu akaanza kusema.

Hakusema habari za vita hata kidogo. Alisema mkewe Sigrid alipofariki, watu wa Duluth walimletea chakula siku tatu, kisha kila mtu akarudi kwake. Matope peke yake ndiye aliyeingia kila siku saa kumi jioni. Hawakubeba silaha. Waliruka tu juu ya theluji, ndege mbili, siku arobaini.

“Hakunipa pole hata moja,” alisema. “Sijui kama alijua namna. Aliruka ubavuni mwangu hadi giza liingie, kisha anasema, kesho. Kesho yake yupo.”

Nakumbuka siku zile. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kukaribiana, mzee alikuwa na nafasi, nikaona niitumie. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Pale juu, miwani imejaa ukungu wa machozi na siwezi kuivua kwa sababu mikono yote miwili imeshika ndege, nilijua kwamba sikuwa nafanya mazoezi. Nilimpenda yule mzee. Nilimpenda na nikamwangusha kwa sababu ya sekunde mbili, kisha nikamuulia rafiki yake ili nisione aibu.

“Kuna jambo jingine,” akasema Dereva. Sauti yake ikabadilika. “Nilitaka kulificha, lakini hatufichani. Mkanda niliufungua mwenyewe Alhamisi asubuhi. Aliyeniangusha ni Matope.”

Bawa lake likayumba, nikalifuata, naye akaendelea.

“Nilikasirika. Saa sita mchana nikamwandikia barua. Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtoto hata mmoja ndani ya basi langu miaka yote thelathini. Saa kumi na mbili moyo wake ukasimama.” Akavuta pumzi. “Barua aliisoma, ikamuua. Nimemuua mimi.”

Yolanda akamkatiza, akamwambia yeye ni muuguzi wa wodi ya moyo, moyo hauuawi na barua. Dereva akasema asante binti, lakini anajua anachojua. Kisha akahesabu, tatu, mbili, moja, akasema: “Nenda salama, Matope.”

Nikavuta. Ndege ikasimama wima, nikapanda juu kabisa, na sauti zao zikabaki masikioni mwangu zikilia, maana redio haijali umepanda kiasi gani.

Barua hiyo sikuwa nimeisoma. Tangu vita viishe nilikuwa naogopa kufungua sanduku langu la ujumbe. Niliivua miwani, ndege ikiendelea kupanda peke yake, nikaifungua barua palepale. Nilitarajia matusi. Iliandikwa hivi: “Delwyn, nimeona mkanda. Nimekasirika nawe sana. Keti ufikirie ulichofanya. Jumamosi nitakaa karibu nawe ukisimulia.”

Basi, ndiyo hayo maneno yaliyoniua.

Nilipoivaa tena miwani, wote walikuwa wameshatua. Dereva alikuwa akiomba radhi kwa kuyumba. Alisema hayuko nyumbani. Yuko gesti moja kando ya barabara huko Chamberlain, fimbo ya kuongozea ameifunga kwa utepe wa gundi kwenye ubao wa kupigia pasi, na ubao unacheza. Kesho baada ya ibada ataendelea na safari, saa tisa alasiri atakuwa Rapid City. Anwani anayo, kwa sababu kila Krismasi huwatumia akina Haskett mikate ya viazi ya kwao. Anakwenda kumwomba mjane msamaha.

Chamberlain ni mwendo wa saa mbili na nusu kutoka mlangoni kwangu.

Kabla sijajua la kufanya, ujumbe ukanijia peke yangu. Ulitoka kwa Yolanda.

“Rollo, kabla ya kuvuta umetikisa bawa la kushoto mara mbili.”

Nilichapa kwamba ni upepo.

“Tangu nimejiunga nimemwona mtu mmoja tu mwenye tabia hiyo. Alinisimamisha nikasimulia mara tatu, sura yake haiwezi kunitoka hata kama sijawahi kuiona. Una hadi kesho saa sita mchana umwambie mzee mwenyewe. Ikipita, nitamwambia mimi. Na usinijibu, Matope. Nikikusikia sasa hivi nitakutukana, na mimi ni mtu wa kanisa.”

Nikazima mashine, nikapanda juu kwa Marnie.

Jumapili niliamka na nia safi. Nitampigia mzee Orrin simu asubuhi, aisikie sauti yangu, anitukane, ageuze gari. Saa mbili kamili nilipiga. Ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena, na tena. Ndipo nikakumbuka kwamba mzee yule hagusi simu akiwa kwenye usukani. Kwenye basi lake ilikuwa marufuku, na marufuku yake haijui kustaafu. Lakini ibada je? Si alisema ataanza na ibada? Nikajituliza kwamba yuko kanisani, simu imo kwenye koti.

Ikabaki kumwambia Marnie. Nilimkuta jikoni anakunywa kahawa, amejiandaa kwenda kwa dada yake Spearfish. Nilivuta kiti.

“Marnie, kuna jambo.”

“Nami nina jambo,” akasema, akanishika mkono. “Wiki hii umekuwa mpole. Hujagombana na ile mashine, jana umepanda juu mapema, umekaa nami. Nilikuwa nimeanza kufikiri nimeolewa na mpangaji wa chini. Sasa sema lako.”

Miaka kumi na tisa ya ndoa, na hajanishika mkono hivyo tangu sijui lini. Nikamwambia nilitaka kumuuliza kama gari lina mafuta.

Nikashuka chini. Nilijipangia kwamba Marnie ataondoka saa tano, mzee atafika saa tisa, nami nitampokea mlangoni peke yangu. Yolanda nitamwomba aniongezee saa tatu. Nikachukua karatasi nikaanza kuandika nitakachosema. Niliandika “Mzee Orrin” mara nne na kukata mara nne.

Saa tano kasoro dakika tano, juu yangu, Marnie alikuwa anavaa buti zake. Kengele ya mlango ikalia.

Nyumba yetu ina bomba la hewa ya moto linalopita mlango wa mbele na kutokea juu ya kiti changu. Majira ya baridi nasikia kila neno linalosemwa pale kama vile nimesimama nao.

“Bi Haskett?”

“Ndiye mimi.”

“Naitwa Orrin Tveit. Nimetoka Duluth.”

“Orrin wa mikate ya viazi?” Marnie akacheka. “Jamani, mzee, ingia ndani. Baridi hiyo.”

“Siwezi kuingia kabla sijasema. Nilikuwa nije baada ya ibada. Lakini asubuhi nimekuta simu zako tatu, jina lake limetokea pale. Nikajua una hasira ya haki, na hasira ya mjane haingoji. Nikaacha ibada nikaja.”

Kumbe simu zangu ndizo zilizomharakisha.

“Simu zangu,” Marnie alisema polepole. “Kutoka simu ya Delwyn.”

“Ndiyo, bi. Pole sana. Na mimi sistahili kukupa pole.” Nilisikia mzee anahema. “Nimekuja kukuomba radhi. Mumeo nimemuua mimi.”

Nilisimama, nikakaa tena. Ngazi ziko hatua sita kutoka kitini kwangu, nami nimezishuka na kuzipanda miaka kumi na moja. Sikuweza kuzifikia.

Marnie hakupiga kelele. Hakucheka wala kusema mzee amepotea nyumba. Viatu vyangu vilikuwa palepale mlangoni miguuni pao, nilitoka navyo alfajiri kuondoa theluji, lazima vilikuwa bado vimelowa.

“Umemuua lini?” akauliza.

“Alhamisi. Kaka yake Wendell ndiye aliyetuandikia.”

“Wendell,” akasema Marnie.

Nilisikia buti moja inavuliwa, ikaanguka sakafuni. Kisha ya pili. Mlango ukafungwa.

“Vua koti, mzee, ukae,” mke wangu akasema. “Nami nimekaa. Nisimulie mume wangu alikufaje, tangu mwanzo, usiruke kitu. Na uinue sauti kidogo, masikio yangu hayasikii vizuri.”

Marnie masikio yake hayana kasoro yoyote.

Kiti kikavutwa juu yangu, hadi pale penye bomba, na mzee Orrin akaanza kusema kwa sauti.